Kavieti kwenye hati: jinsi ya kuhamisha mkopo wa nyumba Mbeya na Iringa bila kukwama njiani

Benki haitoi pesa juu ya nyumba ambayo daftari la Msajili wa Hati linaonyesha kuna mtu mwingine mwenye dai. Haijalishi umelipa mkopo wa sasa kwa uaminifu kiasi gani, wala kwamba nyumba umeijenga mwenyewe kuanzia msingi. Watu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaotaka kuhamisha mkopo kutoka benki moja kwenda nyingine, au kuongeza mkopo juu ya ule wa zamani, huligundua hilo mwishoni kabisa, wakati uthamini umeshalipiwa na wakili ameshachukua chake.

Mwongozo huu unaanza kwenye daftari na kumalizia benki. Msimamo wangu niuseme mapema: nyuma ya kavieti, yaani tamko la dai lililoandikwa daftarini, kuna mtu, na mara nyingi mtu huyo ana haki ya kusikilizwa. Ukimfuata mapema mnaweza kumalizana mezani. Ukimkwepa, atakusubiri mahakamani, na riba ya benki itaendelea kuhesabika.

Hatua ya 1: Fanya sachi wewe mwenyewe, kabla ya benki kuifanya

Upekuzi rasmi, ambao mabenki na mawakili huuita sachi, unaombwa ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake, kwa hiyo mtu wa Iringa au Njombe halazimiki tena kufunga safari ya Mbeya kwa kila jambo kama ilivyokuwa enzi za ofisi ya kanda. Hati nyingi za zamani za nyanda hizi bado zina herufi MBYLR kwenye namba yake, maana zilisajiliwa Mbeya. Kama nyumba yako iko Gangilonga au Kihesa, Iringa, na hati ina herufi hizo, uliza mapema jalada lake lipo ofisi ipi, usije ukazungushwa.

Beba nakala ya hati na kitambulisho cha NIDA, andika ombi, lipa kwa kontroli namba utakayopewa, kisha tunza risiti. Hati yenyewe huenda iko kabatini mwa benki inayokudai. Nakala inatosha kuanzia.

Ripoti ikitoka, isome mstari kwa mstari. Usiishie kutazama kama jina lako lipo.

Jina liandikwe sawasawa na lilivyo NIDA. Hati yenye majina mawili na kitambulisho chenye matatu ni jambo dogo ambalo wakili analimaliza kwa kiapo, lakini likigunduliwa siku ya kusaini rehani linakurudisha nyuma.

Miaka iliyobaki nayo ihesabu. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inakwisha mwaka 2031. Ukiomba mkopo wa miaka 15 juu ya hati hiyo, benki itakuuliza dhamana yake itasimama juu ya nini baada ya hapo. Ombi la kuongezewa muda lianze kabla ya ombi la mkopo.

Kisha nenda sehemu ya vizuizi: rehani, kavieti, zuio la mahakama. Andika pembeni tarehe ya kila kimoja, aliyekiweka na kumbukumbu yake. Omba pia nakala ya waraka uliowekwa, kwa sababu mstari mmoja wa ripoti haukuambii mdai anadai nini hasa.

Kama una hati ya haki miliki ya kimila, mfano uko Ismani, Mbozi au vijiji vya Rungwe, daftari lako liko masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Anza kwa mtendaji wa kijiji, halafu wilayani. Mengine yote hapa chini, hasa ya mwenza na ya ndugu, yanakuhusu vilevile.

Hatua ya 2: Tenganisha aina za vizuizi

Vizuizi havifanani, na kila kimoja kina mlango wake wa kutokea.

Rehani ya benki unayoihama ni jambo linalotarajiwa. Itafutwa siku deni linapolipwa, na nitaieleza kwenye hatua ya 6.

Rehani ya zamani ambayo ulishaimaliza lakini haikufutwa huwasumbua watu kuliko wanavyodhani. Ulilipa, ukapewa hati yako mkononi, ukaenda nyumbani umeridhika. Hakuna aliyekwenda kwa Msajili kusajili kufutwa kwake, na daftarini bado unadaiwa. Dawa yake ni hati ya kufuta rehani, iliyosainiwa na kupigwa muhuri na benki husika, kisha ikasajiliwe. Shida huja pale benki yenyewe haipo tena. Twiga Bancorp iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018, na Benki ya Posta ndiyo inayoitwa TCB (Tanzania Commercial Bank) tangu mwaka 2021, kwa hiyo ombi la aliyekuwa mteja wa Twiga linakwenda TCB. Benki ya wananchi wa Njombe ilifutiwa leseni na Benki Kuu mwezi Januari 2018 pamoja na nyingine nne, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Aliyekuwa na rehani huko aandikie Bodi, aambatanishe risiti za marejesho na barua yoyote ya kumaliza deni. Jambo hili lianze mapema kuliko mengine yote, kwa sababu kasi yake haiko mikononi mwako.

Kavieti ni tamko la mtu anayesema ana maslahi kwenye nyumba. Inaongozwa na kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Msajili akiipokea hapimi nani ana haki na nani hana. Anaiandika, anakujulisha, na kuanzia hapo hasajili muamala unaogongana na dai hilo. Kumlaumu karani wa dirishani hakusaidii.

Zuio la mahakama ni amri. Hilo mdai mwenyewe hawezi kuliondoa kwa kusaini karatasi. Linaondolewa na mahakama au baraza lililolitoa.

Hatua ya 3: Kama kavieti ni ya mwenza wako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba za watu zinapopotelea.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala haigawiwi kwa mtu bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mmoja tu, na inamruhusu mwenza kulinda haki yake kwa kavieti. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inaongeza kwamba rehani ya nyumba ya ndoa inasimama tu pale mwenza alipotia saini au kuna ushahidi kwamba ameridhia. Kwa hiyo mke aliyekwenda kuweka kavieti hakukufanyia hujuma. Ametumia kinga aliyopewa na sheria, pengine kwa sababu mkopo wa kwanza ulichukuliwa yeye akiwa hajui, au aliona pesa zikiishia mahali ambapo watoto hawakuzigusa.

Fanya hivi. Kaeni mzungumze kuhusu mkopo mpya wenyewe: kiasi gani, unakwenda kwenye nini, nani atalipa msimu wa parachichi ukiwa mbaya au mbao za Mafinga zikikosa soko. Mpe nakala ya barua ya benki aisome. Awe na wakili wake, siyo wa kwako, na gharama hiyo ilipwe bila manung'uniko. Wakili wa kwake ndiye atakayeifanya ridhaa iwe imara huko mbele, maana hakuna atakayesema baadaye kwamba alisainishwa asichokielewa. Mkikubaliana, nyaraka ziwe mbili: barua ya kuondoa kavieti kwenda kwa Msajili, na ridhaa ya rehani mpya kwenda benki. Zote zisainiwe mbele ya wakili. Usichukue moja ukadhani imebeba na nyingine. Kuondoa kavieti hakumaanishi ameridhia mkopo, wala ridhaa ya mkopo peke yake haifuti mstari wa daftari.

Anaweza kuweka masharti. Yasikilize: jina lake liingie kwenye hati, mkopo upungue, pesa zilipwe moja kwa moja kwa fundi na mwenye duka la vifaa badala ya kupita mfukoni mwako. Kwa maoni yangu sharti la jina kuingia kwenye hati ni la haki katika ndoa nyingi, na benki nazo huona mambo yakiwa mepesi wenza wote wawili wakiwa wamiliki.

Usithubutu kumpeleka mtu mwingine asaini kama mke au mume wako, na usiape kwamba hujaoa wakati umeoa. Ni kosa la jinai, na rehani ya namna hiyo hubomoka mahakamani baada ya pesa kuliwa. Kwa wenye wake zaidi ya mmoja, muulizeni wakili ridhaa ya nani inahitajika kwa nyumba ipi. Kawaida ni ya anayeishi humo, lakini benki yenye tahadhari huomba za wote. Na wanaoishi pamoja bila cheti wasijidanganye: Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua hivyo.

Kama mmeachana au kesi ya talaka iko mahakamani, usitafute njia ya mkato. Mgawanyo wa mali uamuliwe kwanza, kisha hukumu ndiyo ipelekwe kwa Msajili.

Hatua ya 4: Kama kavieti ni ya ndugu

Mara nyingi chanzo ni mirathi. Baba alijenga Forest ya Mbeya au Mtwivila ya Iringa, akafariki, kaka mkubwa akahamishia hati kwenye jina lake, na miaka baadaye dada anasikia nyumba inakwenda benki tena. Anaweka kavieti kesho yake.

Kabla ya kumjibu, kusanya karatasi za mirathi. Fomu namba IV ya Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayoonyesha nani aliteuliwa kuwa msimamizi. Fomu namba V ni orodha ya mali, na VI ni taarifa ya namna mali ilivyogawiwa. Wengi wana ile ya IV tu. Msimamizi alitakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na pale ambapo hakufanya hivyo ndipo dai la dada linapopata nguvu, hata kama familia nzima iliafiki kwa mdomo siku ya kuanua tanga.

Ikiwa mgawanyo ulifanyika na karatasi zipo, mpelekee nakala pamoja na mtu mzima wa ukoo anayeheshimika pande zote. Ikiwa haukufanyika, kubali kwamba nyumba bado ina wenyewe wengi, na mkopo mpya usubiri. Mnaweza kukubaliana mmoja awanunue wenzake hisa zao, kwa bei itokanayo na mthamini aliyesajiliwa na siyo bei ya kukadiria sebuleni. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe na warithi wote wazima, na malipo yapitie benki ili ushahidi ubaki. Muhtasari wa kikao cha ukoo uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia, lakini haufuti kavieti. Mara nyingi kinachoifuta ni ombi la aliyeiweka, au amri ya mahakama.

Hatua ya 5: Akikataa kabisa, au zuio ni la mahakama

Mwandikie kwanza barua ya kistaarabu kupitia wakili, ukimwomba aeleze msingi wa dai lake na umpe muda wa kujibu. Tunza uthibitisho kwamba aliipokea. Barua hiyo ndiyo itakayomwonyesha jaji baadaye kwamba ulijaribu njia ya amani.

Asipojibu au akishikilia, kifungu kilekile cha 78 kinakuruhusu kuiomba Mahakama Kuu imwite aliyeweka kavieti aje aeleze kwa nini isiondolewe. Huku kwetu Mahakama Kuu iko Mbeya na Iringa. Anayeweza kuonyesha dai la kweli atabaki na kavieti yake mpaka kesi ya msingi iishe, asiyeweza, itaondolewa. Hii si kazi ya kujifanyia mwenyewe, tafuta wakili mwenye uzoefu wa mashauri ya ardhi.

Kwa zuio la mahakama, swali la kwanza ni kama kesi bado ipo. Nenda na namba ya shauri kwenye masjala ya mahakama au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lililotoa amri. Kesi huweza kuisha, kufutwa au kutupwa kwa kutohudhuriwa, na amri ikabaki imeandikwa kwa Msajili kwa sababu hakuna aliyempelekea taarifa. Kama ni hivyo, omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu au amri inayoondoa zuio, ipeleke ofisi ya ardhi, na usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama kesi inaendelea, mpango wa kuhamisha mkopo uahirishe. Hakuna benki makini itakayokusubiri na pesa mezani.

Hatua ya 6: Panga benki mbili zikutane siku moja

Daftari likishabaki na rehani ya benki yako ya sasa peke yake, ndipo uanze mbio za benki. Fanya hesabu kwanza. Tuseme umebakiza shilingi milioni 40, riba ya sasa ni asilimia 17 na mpya ni 14. Tofauti ya asilimia 3 kwa salio hilo ni milioni 1 na laki 2 kwa mwaka, na inapungua kadiri salio linavyoshuka. Kama umebakiza miaka mitatu tu, unafuu wote ni kama milioni 2. Ukijumlisha uthamini, wakili, ushuru wa stempu, ada ya usajili na adhabu ya kulipa mkopo kabla ya wakati, unaweza kukuta unahama ili ubaki palepale. Kama una miaka 10 mbele yako, hesabu inabadilika kabisa.

Omba benki ya sasa barua ya salio la kumaliza deni, yenye tarehe ya mwisho wa kutumika na riba ya kila siku baada ya hapo. Soma mkataba wa zamani uone adhabu ya kulipa mapema ni kiasi gani. Jua pia kwamba Sheria ya Ardhi inakuruhusu kumwandikia mkopeshaji wako ahamishie rehani kwa mkopeshaji mwingine utakayemtaja. Waulize mawakili wa benki zote mbili kama njia hiyo ni nafuu kuliko kufuta na kuandika upya.

Benki mpya huogopa kulipa kabla ya kushika hati, na ya zamani huogopa kuachia hati kabla ya kulipwa. Hapo hutumika ahadi ya maandishi: benki ya zamani inaahidi kwamba ikipokea kiasi fulani kufikia tarehe fulani, itakabidhi hati na waraka wa kufuta rehani kwa wakili wa benki mpya. Dai ahadi hiyo iandikwe na wewe upewe nakala. Pesa zitoke benki kwenda benki. Ukiambiwa uzibebe mwenyewe, kataa.

Wapo wanaoona mzunguko huu ni mrefu, wakaenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, kuchukua pesa za wiki mbili ili wakomboe hati haraka. Nakusihi usifanye hivyo. Jambo moja likichelewa ofisi ya ardhi, deni la wiki mbili linakuwa la miezi miwili kwa riba ya mtaani, na anayeshika hati sasa ni mtu asiyesimamiwa na Benki Kuu.

Kabla ya siku ya kusaini hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka huu na risiti ipo. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021, lakini kama nyumba ina mita zaidi ya moja au ya mpangaji, angalia inakatwa kwenye ipi.

Hatua ya 7: Baada ya kusaini

Wakili wa benki atawasilisha kwa mpangilio huu: kuondolewa kwa kavieti kama bado, kufutwa kwa rehani ya zamani, ndipo rehani mpya. Mpangilio ukivurugika, waraka hurudishwa na foleni huanza upya. Muulize tarehe ya kuwasilisha na namba ya kumbukumbu ya kila waraka.

Nyaraka zikisajiliwa, rudi ofisi ya ardhi ufanye sachi nyingine kwa gharama yako. Ripoti ionyeshe rehani moja tu, ya benki mpya, kwa kiasi ulichosaini. Kama kiasi ni kikubwa zaidi au mstari wa zamani bado upo, andika barua siku hiyohiyo kwa benki na kwa Msajili. Nakala ya ripoti hiyo mpe mwenza wako, na kama ulimalizana na ndugu, mpelekee na yeye yake.